Deni la Johannesburg

Ijumaa ya tarehe 2 Desemba 2022, huko Al Wakrah nchini Qatar, Ghana ilifungwa na Uruguay mabao 2-0 ikatolewa kwenye Kombe la Dunia, na mashabiki wake wakashangilia. Si wote, wala si tangu mwanzo. Lakini dakika za mwisho zilipofika, na habari zikaingia kwamba kwenye uwanja mwingine Korea Kusini inaiongoza Ureno 2-1, jukwaa la wenye jezi na bendera za Ghana lilipata uhai mpya. Uruguay na Korea zilikuwa zimelingana pointi na tofauti ya mabao, ila Korea ilikuwa imefunga manne na Uruguay mawili tu. Bao moja zaidi, Uruguay inapita. Basi kila shuti la Uruguay lililotoka nje lilipigiwa makofi, kila sekunde aliyochelewesha kipa wa Ghana ikapokelewa kwa vifijo. Timu iliyokuwa nyuma kwa mabao mawili ilikuwa inapoteza muda!

Na hapo ujue kwamba, kwa matokeo yale ya Korea, Ghana ilihitaji sare tu. Sare ingeipeleka hatua ya 16 bora. Ilipata penalti mapema, ngoma ikiwa 0-0. André Ayew akapiga, Sergio Rochet akadaka. Kwa hiyo waliokuwa wakiruka jukwaani walikuwa wamepoteza kitu chao wenyewe, kikubwa, kilichokuwa mkononi. Filimbi ya mwisho ilipopigwa, kamera zilimtafuta mtu mmoja kwenye benchi la Uruguay: Luis Suárez, analia, amejifunika uso kwa jezi. Nadhani Afrika nzima iliyokuwa macho iliiona picha ile. Huku kwetu ilizunguka kwenye simu usiku kucha, na sikumbuki aliyeitumia kwa masikitiko.

Asiyefuatilia mpira atashangaa. Anayefuatilia anarudi nyuma miaka 12, kwenye Ijumaa nyingine.

Tarehe 2 Julai 2010, Soccer City, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia, Ghana na Uruguay. Mashindano yalikuwa Afrika kwa mara ya kwanza, na bara lilikuwa limeingiza timu sita. Tano zilishaondoka, wenyeji Afrika Kusini wakiwemo. Ikabaki Ghana, iliyoitoa Marekani kwa bao la Asamoah Gyan kwenye muda wa nyongeza. Wenyeji waliokuwa wakiiita timu yao Bafana Bafana wakaanza kuiita ya wageni BaGhana BaGhana. Cameroon ilifika robo fainali mwaka 1990 na Senegal mwaka 2002, wote wakaishia hapo. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imecheza nusu fainali.

Sulley Muntari alifunga kwa mkwaju wa mbali mapumziko yakibisha hodi. Diego Forlán akasawazisha kwa mpira wa adhabu. Dakika 90 zikaisha 1-1, nyongeza ikaanza, nayo ikawa inaisha. Sekunde za mwisho kabisa Ghana ikapata faulo upande wa kulia. Mpira ukaingia kwenye msitu wa watu. Stephen Appiah akapiga, Suárez akiwa juu ya mstari akauzuia kwa mguu. Mpaka hapo hana kosa, ni ulinzi safi. Mpira ukarudi juu, Dominic Adiyiah akaupiga kichwa, unaingia. Suárez akanyoosha mikono miwili na kuusukuma nje, mbele ya macho ya watu zaidi ya 80,000. Hakujificha wala hakujifanya umempiga begani.

Refa Olegário Benquerença wa Ureno hakubabaika: kadi nyekundu, penalti. Suárez akatoka analia, jezi usoni. (Hiyo jezi usoni, kumbe ni tabia yake.) Gyan akauweka mpira. Katika mashindano yaleyale alishafunga penalti mbili, dhidi ya Serbia na Australia. Akapiga kwa nguvu, mpira ukagonga mtambaa panya ukaruka juu. Kule mlangoni mwa njia ya kuingilia vyumbani, Suárez aliyekuwa hajamaliza kuondoka akageuka na kuruka kwa furaha. Kisha matuta, Uruguay ikashinda 4-2. Mkwaju wa mwisho Sebastián Abreu aliudokoa polepole katikati ya goli, kipa ameshalala upande.

Niliutazama mchezo ule kwenye kibanda umiza: turubai la bluu, mabenchi ya mbao, televisheni mbili juu ya rafu ya mabati, na jenereta nje kwa sababu umeme haukuaminika. Ilikuwa inakaribia saa sita ya usiku. Mbele yangu alikaa fundi seremala mmoja, mtu mzima, aliyekuwa ametoka kazini na vumbi la mbao bado liko kwenye nywele. Penalti ilipotolewa watu walikumbatiana. Yeye alisimama, akajipenyeza kati ya magoti ya watu, akatoka nje. "Mimi siwezi. Nitasikia kelele zenu." Akabaki kule gizani karibu na jenereta. Kelele hazikuja. Baada ya muda kichwa chake kikachungulia pale penye pazia la kiroba, akauliza kwa sauti ya chini, "Bado hajapiga?" Hakuna aliyemjibu.

Tulipotoka, ubishi ukaanza, kama kawaida. Kila mtu analaani. Kijana mmoja wa bodaboda, hajatulia hata kwenye kiti cha pikipiki yake, akasema, "Angekuwa wetu huyu, tungemjengea nyumba." Alitukanwa na watu kama kumi kwa mpigo. Seremala ndiye aliyemtetea. "Mwacheni kijana, anasema kweli. Mnaona uchungu kwa sababu alikuwa upande ule." Hapo wakamgeukia yeye: "Mzee, nawe hata penalti hujaiona!"

Kijana alisema kweli, na Uruguay walithibitisha. Wenzake Suárez walimbeba mabegani usiku uleule. Nusu fainali hakucheza, wakafungwa 3-2 na Uholanzi, na hakuna aliyemlaumu kwa kukosekana. Mwenyewe alijitapa kwamba ndiye aliyeokoa mpira vizuri kuliko wote kwenye mashindano, na kwamba ule mkono wa Mungu wa Maradona sasa ni wake. Miaka 12 baadaye, siku moja kabla ya mchezo wa Al Wakrah, waandishi walimuuliza kama ataomba radhi. Akakataa. Alisema yeye alishika mpira, lakini aliyekosa penalti ni mchezaji wa Ghana.

Jibu lile liliwaudhi watu kuliko kosa lenyewe. Lakini ukiliondolea jeuri, linabaki na hoja ambayo mashabiki wengi wa bara hili hatukutaka kuitazama. Suárez hakumdanganya refa. Alionekana, akahukumiwa, akaadhibiwa kwa kila kilichoandikwa: penalti, nyekundu, kufungiwa mchezo unaofuata. Ubaya uko kwenye sheria, inayoruhusu mtu anunue bao la hakika kwa bei ya bao la pengine. Dereva wa daladala anayelipa faini asubuhi na kuendelea kupakia abiria palepale pasiporuhusiwa anaielewa hesabu hii vizuri: faini ikiwa ndogo kuliko faida, inageuka kuwa gharama ya kazi. Kwenye raga refa anatoa alama kamili pale rafu inapozuia alama ambayo ingepatikana. Kwenye kikapu, mlinzi akiugusa mpira unaoshuka kuingia, alama zinahesabiwa kana kwamba umeingia. Mpira wa miguu hauna kitu hicho. Mjadala ulizuka mwaka 2010, ukapoa, na leo mchezaji akifanya vilevile kwa makusudi, adhabu ni ileile.

Sasa kama sheria ndiyo yenye kasoro, kwa nini hatukuikasirikia sheria? Hakuna shabiki aliyeandamana kwenda kwa watunga sheria za mpira. Hasira yote ilimwangukia mtu mmoja, ikakaa kwake miaka 12, na watoto waliokuwa hawajazaliwa mwaka 2010 walikuwa wanamzomea Qatar kwa ufasaha kamili. Nimeliwaza jambo hili mara nyingi, na jibu langu ni kwamba chuki ile ilikuwa na kazi. Ilimlinda Gyan.

Tazama alivyofanya. Dakika chache baada ya kugonga mwamba, wakati miguu ya mtu yeyote ingekuwa maji, Gyan ndiye aliyekwenda kupiga tuta la kwanza la Ghana. Angeweza kuomba apumzishwe, nani angemlaumu? Alitembea peke yake kutoka mstari wa kati mpaka palepale, langoni yupo Fernando Muslera yuleyule, akaupiga juu kwenye kona, ukaingia. Waliokosa baadaye ni nahodha John Mensah na Adiyiah, yule aliyenyimwa bao na mikono ya Suárez. Mchezo ulipoisha Gyan alilia mpaka ikabidi washikaji wamwinue. Na bara zima likalia naye. Mtu aliyekosa penalti ya kuipeleka Afrika nusu fainali kwa mara ya kwanza alikumbatiwa kama mfiwa, kwa sababu mwenye hatia alishapatikana, na alikuwa amevaa jezi ya wengine.

Si kila mahali mchezaji hupata bahati hiyo. Siku kama ileile, tarehe 2 Julai, mwaka 1994, beki Andrés Escobar wa Colombia aliuawa kwa risasi mjini Medellín, siku chache baada ya kujifunga dhidi ya Marekani kwenye Kombe la Dunia. Uchungu wa Colombia haukupata mtu wa nje wa kuubeba.

Kama unadhani nasukuma hoja, mfuate Gyan mpaka Februari 2012. Nusu fainali ya Mataifa ya Afrika, mjini Bata, Ghana na Zambia. Ghana inapata penalti mapema, Gyan anapiga, Kennedy Mweene anadaka. Emmanuel Mayuka anafunga bao pekee, Zambia inakwenda fainali na hatimaye kuchukua kombe. Safari hii hapakuwa na Suárez. Hapakuwa na mkono, wala refa wa kusingiziwa, na mpinzani alikuwa Mwafrika mwenzetu aliyecheza kiungwana. Matusi yote yakamshukia Gyan, mpaka akatangaza kujiweka pembeni na timu ya taifa kwa muda. Mama yake, aliyefariki mwishoni mwa mwaka uleule, alikuwa amemwomba asipige tena penalti za nchi. Mtu huyu bado ndiye Mwafrika aliyefunga mabao mengi kuliko wote kwenye Kombe la Dunia, sita. Kosa lilikuwa lilelile, mguu uleule. Kilichopungua ni mtu wa kubeba lawama.

Wenzetu Waingereza wanalijua hili kwa namna yao. Tarehe 22 Juni 1986, kwenye Kombe la Dunia, uwanja wa Azteca, Maradona wa Argentina aliwafunga kwa mkono. Dakika nne baadaye akawafunga tena, akiwapita mmoja baada ya mwingine tangu upande wake wa uwanja, bao ambalo wengi huliita bora kuliko yote. England ilifungwa 2-1. Keti na Mwingereza wa umri ule uone atakusimulia lipi kwanza. Mkono ni wizi, na aliyeibiwa hana deni la kujieleza. Bao la pili lingemtaka aeleze mabeki wake walikuwa wapi. Refa wa siku hiyo alikuwa Mtunisia, Ali Bennaceur, ambaye anasema alimtazama mshika kibendera na kibendera hakikuinuka. Aliondoka na mpira wa mchezo, akautunza kwa miaka 36, na Novemba 2022 ukapigwa mnada London kwa pauni milioni 2. Angalau mmoja alilipwa.

Sisi Watanzania tusijifanye watazamaji. Bao la mkono tulishalihamishia mpaka kwenye siasa, tangu mwanasiasa Nape Nnauye alipolitaja kwenye joto la uchaguzi wa 2015. Na uwanjani tunalo la kwetu. Aprili 2024, Pretoria, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Yanga na Mamelodi Sundowns. Dar mchezo wa kwanza ulikwisha 0-0. Pale Loftus Versfeld, Stephane Aziz Ki akaachia shuti, likagonga mtambaa panya, likadunda chini kwenye mstari na kutoka. Umeingia? Waamuzi wa video wakasema hapana. Mchezo ukaisha 0-0, Sundowns wakapita kwa matuta. Mwulize leo shabiki wa Yanga ni akina nani waliokosa matuta usiku ule. Ataanza na bao lililokataliwa, atakuchorea mstari kwenye vumbi kwa kidole, atakuonyesha picha iliyokatwa na kukuzwa mpaka ikawa madoa, na yale majina huenda asiyafikie kabisa. Wa Simba, bila shaka, atakwambia mpira haukuvuka, na macho yake siku hiyo yalikuwa makali kuliko kamera. Tuliambiwa mashine zikija ubishi utakwisha. Zimekuja, na sasa tunabishana na mashine.

Huruma hii ya mashabiki naipenda, lakini ina tundu kubwa. Kivuli kinachomfunika mchezaji kinawafunika na wasiostahili. Kwa miaka ile 12 ambayo Suárez alikuwa anabeba dhambi zote, mpira wa Ghana ulikuwa na mambo mengine ya kuwatoa watu machozi. Mwaka 2014 kule Brazil wachezaji waligoma kufanya mazoezi kwa sababu ya posho, mpaka serikali ikapakia zaidi ya dola milioni 3 taslimu kwenye ndege na kuzipeleka. Muntari, yule wa bao la Johannesburg, na Kevin-Prince Boateng wakafukuzwa kambini. Mwaka 2018 Ghana haikufuzu hata kwenda Urusi, na mwaka huohuo rais wa chama cha soka, Kwesi Nyantakyi, alinaswa kwenye filamu ya mwandishi Anas Aremeyaw Anas akipokea dola 65,000. Watu walikasirika, ndiyo, chama kikavunjwa. Lakini hakuna mtoto wa Accra wala wa Mbagala anayekua na picha ya Nyantakyi moyoni kama anavyokua na ile ya Suárez. Fedha hazina marudio ya polepole kwenye televisheni.

Ndiyo maana siku ya Al Wakrah sikuweza kufurahi mpaka mwisho, ingawa nilifurahi. Rais wa Ghana wa wakati ule, Nana Akufo-Addo, mwenyewe alikuwa ametangulia kusema kwamba wamengoja kisasi kwa miaka 12. Kisasi kilitimia, kwa gharama ya nafasi ya kusonga mbele, na baada ya mchezo beki Daniel Amartey akaeleza kwamba walipoona wao hawapiti waliamua na Uruguay isipite. Aliyenufaika kwanza na furaha ile ni Ayew. Mwaka 2010 alikuwa kijana, akaikosa robo fainali kwa sababu ya kadi. Mwaka 2022 alikuwa ndiye pekee aliyebaki wa kikosi kile. Penalti yake ingeweza kuwa mzigo wa maisha. Ikapotea kwenye kelele za machozi ya Suárez, na leo watu wengi ukiwatajia mchezo ule hawaikumbuki mpaka uwakumbushe.

Na Uruguay nao? Filimbi ilipopigwa walimzingira refa Daniel Siebert wa Ujerumani, wakidai penalti mbili walizonyimwa. Edinson Cavani, akielekea vyumbani, aliisukuma ile skrini ya marudio ikaanguka chini. Suárez akalalamika kwamba FIFA siku zote iko dhidi ya Uruguay. Suárez huyohuyo! Kwamba walitoka 0-0 na Korea, wakafungwa 2-0 na Ureno, na kuingia mchezo wa tatu hawajafunga hata bao moja, hayo hayakuwa na nafasi kwenye hotuba zao. Walikuwa wamepata dhuluma yao, mpya, ya kurithisha watoto. Natumaini kuna kipa au beki wao ambaye imemsaidia kulala.

Desemba 2025, droo ya Kombe la Dunia ilipotoka, Ghana iliwekwa Kundi L pamoja na England, Croatia na Panama, na Uruguay Kundi H pamoja na Hispania, Saudi Arabia na Cape Verde. Kabla sijatazama kundi lingine lolote, nilikuwa nimeshachukua kalamu kutafuta wapi wanaweza kukutana.